Swichi imezimwa lakini holda ina moto: shemeji yangu amerushwa na umeme, naombeni msaada (Mabatini, Mwanza)

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa sebuleni, mein swichi nimeishusha, natumia mwanga wa simu.

Jioni ya leo shemeji yangu, kijana wa kidato cha nne, alipanda stuli kubadilisha balbu ya sebuleni. Swichi alizima mwenyewe, na mimi nilimwona akizima. Mkono wa kushoto alishika nondo za dirisha ili asiyumbe, wa kulia akawa anafungua balbu. Alipoizungusha mara ya pili nikasikia ukelele, stuli ikaenda huku, yeye akaanguka kule. Tulimkimbiza hospitali, wakampima moyo, wakamwangalia kwa saa kadhaa, wakaturuhusu kurudi naye. Sasa amelala. Mimi usingizi sina.

Nyumba iko Mabatini, juu mlimani kabisa, kwenye mawe. Marehemu baba aliijenga miaka ya tisini. Miaka michache iliyopita tulikarabati upande wa mbele, yaani sebule, korido na baraza. Silingi bodi zikawekwa mpya na fundi wa umeme akavuta nyaya mpya upande huo. Vyumba vya nyuma vilibaki na nyaya za zamani.

Tangu ukarabati ule kuna kitu nilikidharau, na leo najuta. Balbu za LED za upande wa mbele ukizizima hazizimiki kabisa. Ya sebuleni inabaki na mwanga hafifu kama wa kimulimuli. Ya barazani inamweka kila baada ya sekunde chache, na mvua ikinyesha inazidi. Nikajua balbu ni feki, nikabadilisha mara tatu. Hata leo kijana alikuwa anabadilisha kwa sababu hiyo hiyo.

Naomba kujua, kama swichi ilikuwa imezimwa, moto ulitoka wapi? Na nifanye nini kuanzia usiku huu?

#2 Mama wa Kirumba

Pole sana baba, na mpe pole kijana. Hata akiamka mzima mwangalie kwa siku mbili tatu. Akilalamika kifua au mapigo ya moyo, usisubiri asubuhi.

#3 Mkazi wa Nyegezi

Pole mkuu. Ila kuhusu mwanga hafifu usiumize kichwa. LED nyingi za bei rahisi ndivyo zilivyo, hata kwangu ipo moja. Nunua nzuri, itaisha.

#4 Fundi wa Igoma

Mkuu wa #3, samahani, hapo nitakupinga kwa nguvu, maana ushauri huo huo ndio uliompandisha kijana kwenye stuli.

Mleta mada, pole. Mshukuru Mungu alianguka, kwa sababu kuanguka ndiko kulikomtenganisha na moto. Siku nyingine akinaswa mtu usimshike. Kimbilia mein swichi kwanza.

Nafunga umeme majumbani tangu nitoke VETA, na kosa ninalolihisi hapo nimelikuta kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Lakini sitaki kukubahatishia. Usiguse bisibisi, nijibu haya kwa kuangalia tu kwa macho:

Taa za vyumba vya nyuma nazo zinabaki na mwanga zikizimwa? Swichi za mbele zina kale kataa kadogo kekundu kanakowaka zikiwa zimezimwa? Holda ni za kuskrubu au za pini? Na kesho ukiwasha mein swichi, shusha breka ya taa peke yake uone kama kimulimuli kinakufa.

Usiku huu acha mein swichi chini. Kama friji ina vyakula, washa mein swichi lakini breka ya taa ibaki chini, na asiguse mtu taa yoyote.

#5 Mleta mada

Asante mkuu. Nimeamka mapema nikaangalia. Vyumba vya nyuma viko sawa, taa ikizimwa ni giza totoro. Swichi ni za kawaida, hazina kataa. Holda za mbele zote za kuskrubu, za nyuma ni za pini. Breka ya taa nikiishusha, kimulimuli kinakufa palepale.

#6 Fundi wa Igoma

Basi tumekaribia. Nitaeleza taratibu ili hata asiye fundi aelewe.

Taa inahitaji nyaya mbili, moto unaoleta na nyutro inayorudisha. Swichi ni kama lango kwenye njia moja kati ya hizo mbili. Ukiweka lango kwenye njia ya moto, swichi ikizimwa moto unaishia ukutani, kwenye swichi, na holda inabaki kavu. Ukiweka lango kwenye nyutro, taa itazima vilevile, kwa sababu njia ya kurudi imekatika. Mwenye nyumba haoni tofauti yoyote. Lakini moto umeshapita hadi kwenye holda, umekaa pale na volti zake 230 unasubiri njia. Kijana wako mkono mmoja ulikuwa kwenye chuma cha balbu, mwingine kwenye nondo zilizozama ndani ya ukuta. Akawa yeye ndiyo njia.

Holda ya kuskrubu inaongeza hatari. Ile nukta ya katikati chini kabisa ndiyo inapaswa kupata moto, na zile nyuzi za skrubu zipate nyutro, kwa sababu nyuzi ndizo vidole vinazozigusa wakati wa kufungua. Mtu akigeuza moto na nyutro kule juu darini, makosa mawili yanatokea kwa mpigo. Swichi inakata nyutro, na nyuzi za holda zinakuwa na moto moja kwa moja.

Vyumba vya nyuma kuwa sawa kunanionyesha kwamba mita, mein swichi na boksi la breka havina tatizo la kugeuzwa. Kosa limeanzia pale nyaya mpya zilipounganishwa na za zamani. Kuna jointi moja darini imegeuzwa. Ikirekebishwa hiyo, taa zote tatu zitapona.

Hii si kazi ya kufanya mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe akuonyeshe leseni kabla hajapanda ngazi. Asiye na leseni na mwenye leseni wanaweza kutoza bei inayokaribiana kabisa, kwa hiyo hakuna unachookoa.

#7 Mwalimu wa Buswelu

Mkuu fundi, somo safi. Nina swali la kweli: kwa nini zamani balbu za waya mwekundu ndani hazikuwa zikibaki na mwanga? Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa na tatizo la kurusha watu lakini hatukuwahi kuona kimulimuli.

#8 Fundi wa Igoma

Mwalimu, swali zuri. Balbu ya zamani ya wati 60 ili ianze hata kuwa nyekundu inahitaji umeme wa kutosha kuchemsha waya. Umeme mdogo ukipita ndani yake haionekani chochote. LED ni tofauti. Ndani yake kuna saketi ndogo yenye kapasita, na hiyo kapasita hukusanya hata umeme kidogo sana. Ikijaa inaumwaga mara moja, taa inamweka, kisha inaanza kukusanya tena. Ndiyo sababu ya barazani inamweka kwa vipindi.

Huo umeme mdogo unatoka wapi? Nyutro imekatwa, lakini waya wote hadi kwenye swichi umebeba moto, na unavuja kidogo kidogo kwenda kwenye ukuta na ardhi. Ukuta ukilowa unavuja zaidi. Ndiyo maana mleta mada anaona mvua ikinyesha inazidi. Kwa hiyo kimulimuli hakikuwa kasoro ya balbu. Balbu ilikuwa inatoa taarifa.

Niweke tahadhari upande wa pili pia, watu wasije wakabomoa dari zao bure. Si kila kimulimuli ni nyutro kukatwa. Swichi yenye kataa ka ndani hupitisha umeme kidogo kwa makusudi ili kataa kawake, na LED ikauona. Nyaya ndefu zinazokaa pamoja kwenye paipu moja nazo hupokezana umeme kidogo bila kugusana. Hizo mbili si hatari. Ndiyo maana nilianza na maswali.

#9 Mkazi wa Nyegezi

Nimesoma na nimenyamaza. Kwangu swichi haina kataa. Leo hii natafuta fundi. Asante mkuu.

#10 Dereva wa Mkolani

Mimi nina testa, ile bisibisi yenye kataa. Siwezi kujipimia mwenyewe kwenye holda nikajua kama kuna moto?

#11 Fundi wa Igoma

Testa ya bisibisi ni kifaa cha kukuonya, usikifanye kuwa cha kukuhakikishia. Kule kuwaka kwake kunategemea mwili wako. Umeme mdogo sana unapita kwenye testa, kwenye kidole, kwenye miguu hadi chini. Ukisimama juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vya raba, inaweza kuwaka hafifu usiione mchana, ukadhani hakuna kitu. Na inaweza kuwaka kwenye waya usio na nguvu yoyote kwa sababu tu umelala karibu na waya wa moto. Nimeona watu wazima wakidanganywa kwa namna zote mbili.

Mimi napima kwa mita. Naanza mahali ninapojua pana umeme ili nihakikishe mita inafanya kazi, napima ninapotaka, kisha narudi tena pale pa kwanza. Vipimo vitatu kwa jibu moja. Wenzangu wengine wananiona napoteza muda.

Na ndugu zangu, kitu kingine kwa nyumba zetu hizi: umeme kukatika mtaani si ruhusa ya kufungua swichi. Wala uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kuisha. Uko juu darini, mtoto ametumwa dukani kununua umeme, akirudi anabonyeza tarakimu zote ishirini kwa furaha ili akuwashie taa. Shusha mein swichi kwa mkono wako, na kama kuna watu nyumbani mweke mmoja asimame pale.

#12 Mama wa Kirumba

Baba fundi, na mimi nisaidie. Nina duka dogo hapa karibu na mwalo. Swichi ya taa ukiiwasha inatoa mlio kama mafuta ya kukaangia samaki, na pembeni imeanza kuwa ya kahawia. Pia ukiigusa ni ya moto. Taa inawaka vizuri lakini.

#13 Fundi wa Igoma

Mama, taa ngapi zinawashwa na swichi hiyo? Na kuna kitu kingine kimeunganishwa hapo?

#14 Mama wa Kirumba

Taa moja. Ila kijana aliyenifungia soketi ya friza la barafu alichukua umeme kwenye boksi la hiyo swichi, alisema ni karibu.

#15 Fundi wa Igoma

Mama yangu, chomoa hilo friza sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, na breka yake ni ya ampea 6 au 10. Soketi huvutiwa waya wa 2.5 na breka yake peke yake. Friza likiwa linatembea tu halili umeme mwingi, lakini kila kompresa inapoanza kuzunguka inavuta kwa nguvu mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi, na inafanya hivyo siku nzima. Skrubu za swichi zinapashwa joto, zinapoa, zinapashwa tena, mwisho zinalegea. Zikilegea, umeme unaruka badala ya kupita, na ule mlio wa kukaanga ndio huo. Swichi iliyokwisha kuwa ya kahawia haifai kukazwa tena, ibadilishwe, na ncha ya waya iliyoungua ikatwe hadi ufike kwenye shaba inayong'aa.

Breka haitakuokoa hapo. Yenyewe inahesabu umeme mwingi, haioni jointi iliyolegea. Duka linaweza kuungua breka ikiwa juu. Vuta waya mpya wa soketi kutoka kwenye boksi la breka. Gharama itauma, najua barafu ndiyo inayolipa kodi ya chumba, lakini duka zima ni zaidi.

#16 Mama wa Kirumba

Nimechomoa. Barafu nimempelekea jirani anitunzie. Wabeja sana mwanangu.

#17 Mleta mada – MREJESHO

Wakuu, fundi amekuja leo, mwenye leseni, nimeiona kwa macho yangu. Nilimwonyesha uzi huu akausoma wote kabla hajafungua sanduku la vifaa.

Alianza kwenye soketi za sebuleni. Ukiitazama soketi kwa mbele tundu la ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja) likiwa juu, moto unatakiwa uwe tundu la kulia. Ulikuwa kulia. Kisha akafungua swichi ya sebule bila kuondoa waya. Balbu ikiwa kwenye holda na swichi imezimwa, mita ikaonyesha umeme upande mmoja. Akatoa balbu akapima tena, pande zote mbili hakuna kitu. Akaniambia, "Hapa nimemaliza, moto wa taa hii haupiti kwenye swichi kabisa, unashuka kwa kupitia balbu." Kwenye swichi iliyofungwa sawa, balbu uiweke au uitoe, upande mmoja lazima uwe na moto muda wote.

Akapima holda. Zile nyuzi za skrubu, swichi imezimwa, volti 228 na ethi. Nilikaa chini, wakuu. Mwanangu wa miaka minane huwa anajitolea kubadilisha balbu.

Tukashusha mein swichi, mke wangu akasimama pale, fundi akapanda darini. Jointi aliipata juu ya mlango wa korido. Haikuwa na konekta wala boksi, nyaya zimesokotwa kwa plaizi na kuzungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeshakauka. Nyaya za zamani nyekundu na nyeusi, mpya kahawia na bluu. Kahawia ilikuwa imefungwa na nyeusi. Bluu imefungwa na nyekundu.

#18 Fundi wa Igoma

Niliiona jointi hiyo kichwani tangu ulipojibu maswali. Nieleze kuhusu rangi, maana limekuwa tatizo kubwa kwenye nyumba zinazokarabatiwa.

Sisi tulirithi rangi za Kiingereza: nyekundu moto, nyeusi nyutro, kijani na njano ethi. Waingereza wenyewe walianza kuhamia rangi za Ulaya mwaka 2004, na kufikia 2006 wakaziacha za zamani kwa kazi mpya. Sasa kahawia ni moto na bluu ni nyutro. Hapa madukani nyaya za rangi zote mbili zinauzwa, na nyumba moja ikifanyiwa ukarabati inaishia kuwa na lugha mbili darini. Kahawia na nyeusi, ndani ya dari lenye vumbi, kwa tochi ya simu iliyobanwa mdomoni, zinafanana. Sisemi kumtetea fundi yule. Angepima mara moja tu kabla ya kushuka, kijana asingerushwa.

Wenye umeme wa fezi tatu wawe macho zaidi. Katika rangi za zamani bluu ni fezi, yaani moja ya nyaya tatu za moto, na nyeusi ni nyutro. Katika mpya nyeusi ni fezi na bluu ni nyutro. Yaani zimebadilishana viti.

Na hata kwenye mfumo mmoja rangi peke yake haitoshi. Ukifungua swichi ukakuta waya mweusi, usiseme hii nyutro. Kama fundi alishusha waya pacha kutoka kwenye taa, nyekundu inaleta moto chini kwenye swichi, na nyeusi inaurudisha juu kwenye balbu. Taa ikiwashwa, hiyo nyeusi ina moto. Alitakiwa aifunge tepu nyekundu kuwa alama, na wengi hatufanyi. Nasema hatufanyi kwa sababu nami nimewahi kuacha.

#19 Mwalimu wa Buswelu

Mleta mada, na korido? Ulisema kuna taa ya korido. Ni ya swichi mbili?

#20 Mleta mada

Ndiyo mwalimu, moja mlangoni na moja karibu na choo. Na hiyo nayo ilikuwa na ugonjwa wake ambao tumeishi nao bila kuuliza. Ya chooni ikiwa imelala chini, ile ya mlangoni haiwashi kitu. Watoto walishajua, ukitoka chooni lazima uiache juu. Tulidhani swichi ni mbovu.

Fundi akanifundisha. Swichi ya tuwei ina sehemu tatu: moja inaitwa komoni, mbili ni za wasafiri, yaani nyaya zinazotembea kati ya swichi hizi mbili. Moto unaingia kwenye komoni ya swichi ya kwanza, unachagua msafiri mmoja, unatokea kwenye komoni ya swichi ya pili na kupanda kwenye taa. Kwetu swichi ya chooni, waya wa kupanda kwenye taa ulikuwa kwenye nafasi ya msafiri, na msafiri mmoja kakaa kwenye komoni. Kwa hiyo ikilala upande mmoja inafanya kazi, ikilala upande wa pili imejikata yenyewe. Alibadilisha nyaya mbili nafasi. Miaka yote hiyo, nyaya mbili.

Baada ya jointi kurekebishwa, sebule na baraza kimulimuli kimekufa kabisa. Korido bado kuna kamwanga kadogo sana, unakaona usiku wa manane tu. Fundi akapima holda, hakuna moto wa hatari, akasema ni wale wasafiri wawili wanapokezana ndani ya paipu kama mlivyosema #8. Akaniambia ipo kapasita ndogo ya kufunga kwenye taa ikinikera. Nimekaacha, kanasaidia watoto kuiona njia ya chooni.

#21 Mkazi wa Bugarika

Mleta mada, nami niko mlimani kwenye mawe kama wewe. Je, fundi aliangalia ethi? Naogopa kuuliza kwangu.

#22 Mleta mada

Aliangalia, mkuu, na ndipo nilipochoka zaidi. Ile rodi ya ethi nyuma ya nyumba alipoitikisa kwa mkono ilitoka yote. Ilikuwa na urefu wa shubiri mbili. Walipokutana na jiwe wakaikata kwa msumeno, wakaipachika kwenye mchanga, wakafunika na zege kidogo ionekane imezama.

#23 Fundi wa Igoma

Jambo hili naomba kila anayeishi kwenye miinuko ya Mwanza alisome polepole. Mji wetu umekaa juu ya granaiti. Mawe yanayowavutia wageni kupiga picha ndiyo yanayotunyima ethi. Umeme haupendi jiwe kavu, unapenda udongo wenye unyevu.

Tufanye hesabu moja. Tuseme rodi yako imekaa kwenye kifusi juu ya jiwe, na ukinzani wake na ardhi ni omu 200. Waya wa moto ukigusa bodi ya chuma ya taa, umeme utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 200, ambayo ni ampea 1 na kidogo. Breka yako ya ampea 10 haitashtuka. Itakaa juu, na bodi ya taa itabaki na moto hadi mtu aiguse. Watu husema "nina ethi na nina breka", na vyote viwili vipo, lakini havisalimiani.

Dawa ya kwanza, kabla ya kuhangaika na mwamba, ni ile breka ya uvujaji ambayo sisi mafundi tunaiita RCD. Inalinganisha umeme unaokwenda kwa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukipotea hata miliampea 30 njiani, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa omu 200 zile zile, inakata bila shida. Ingekuwepo kwa mleta mada, kijana angeshtuka tu na taa zikazima. Ina kitufe cha majaribio juu yake, mkibonyeze mara kwa mara kuona kama bado iko hai. Lakini msiitegemee kutafuta kosa kama la uzi huu. Moto na nyutro zikigeuzwa, RCD haioni kosa lolote, hadi siku mtu anaguswa.

Dawa ya pili ni kutafuta udongo ulipo. Mara nyingi chini ya mlima, au pale maji ya bafuni yanapopita, kuna udongo wa kweli. Vuta waya wa ethi hadi huko. Kama udongo ni wa kina kifupi, chimba mtaro mrefu ulaze shaba, badala ya kupigana na jiwe kwa nyundo. Mkaa na chumvi vinasaidia kushika unyevu, ila chumvi inaoshwa na mvua na inakula chuma, kwa hiyo si jambo la kufanya mara moja ukasahau. Na baada ya yote lazima ipimwe kwa mita ya ethi. Ethi isiyopimwa ni imani tu.

#24 Mkazi wa Bugarika

Nimetoka kuitazama yangu. Imezama kwenye ndoo ya zege juu ya jiwe. Juu ya jiwe kabisa, mkuu, unaliona jiwe chini yake.

#25 Fundi wa Igoma

Weka RCD wiki hii, mkuu. Ethi tutaongea.

#26 Mama wa Kirumba

Duka langu limepata waya wake. Yule kijana alipofungua ile swichi plastiki ilimvunjikia mikononi kama biskuti, na ukuta nyuma umepata weusi. Friza limerudi, swichi haina mlio.

#27 Mleta mada – MREJESHO WA MWISHO

RCD imefungwa. Tumeshuka na waya wa ethi hadi kwenye migomba chini ya bafu, fundi akachimba mtaro akalaza shaba, atarudi kupima kabla na baada ya mvua. Jointi zote tatu za darini sasa ziko kwenye maboksi yenye mfuniko, nyaya kwenye konekta, na ndani ya kila mfuniko ameandika kwa kalamu ya wino ipi moto na ipi nyutro.

Mfuniko wa taa ya baraza aliushusha. Wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa ndani, wafu, wamelowa kama ugoro. Akasema hao nao walikuwa njia ya kuvujia. Tumeosha tukakausha, na sasa kila Jumamosi naifuta mwenyewe, breka ikiwa chini.

Shemeji yupo salama. Jana nilimwita nikamwonyesha kila kitu, jointi mpya, namna ya kushusha breka kabla ya kugusa balbu, na kwa nini swichi peke yake haitoshi. Akaniuliza kwa nini fundi wa kwanza hakupima. Sikuwa na jibu la kumpa. Akaomba mita ya fundi, akashika ncha mbili, akapima holda ya sebuleni swichi ikiwa imezimwa, fundi amesimama nyuma yake. Sifuri. Akapima tena kwenye soketi, 231. Akarudi kwenye holda, sifuri.

Majirani watatu wa huku juu waliokarabatiwa na fundi yule yule nimeshawapitia nyumbani kwao. Wawili wana kimulimuli. Fundi anapanda mlima Jumamosi saa mbili asubuhi. Wa Bugarika, kama unataka apitie na kwako siku hiyo, niandikie hapa.